Kurudi ziwani baada ya baridi ndefu: shajara inayofuata joto la maji

Mradi wenyewe ni huu. Ziwa limekaa chini ya barafu miezi mingi, boti iko juu ya trela imefunikwa turubai, fimbo zimeegemezwa kona, na mimi nataka kurudi majini vizuri, sio kukurupuka siku ya kwanza jua likichomoza afu narudi na baridi ya mifupa na mikono mitupu. Naandika hatua kwa hatua, toka kufungua turubai mpaka samaki waanze kula kama kawaida yao.

Tarehe siweki. Tarehe za ziwa langu hazimsaidii mtu wa ziwa jingine, maana mwaka mmoja barafu inaondoka mapema mwaka mwingine inang'ang'ania, afu ziwa la milimani na la tambarare hayaendi pamoja hata kidogo. Kwa hiyo kila kipande nimekipa joto la maji kwa nyuzi za Selsiasi, limepimwa kama nusu mita chini ya uso, mchana. Mimi msimamo wangu ni kwamba wiki hizi za mwanzo kipimajoto kinajua mambo kuliko kalenda, kuliko chambo chochote kilichopo kwenye boksi, na kuliko hata sona ya boti, kile chombo kinachoonyesha samaki kwa mawimbi ya sauti. Tuone kama ntaendelea kusema hivyo huko mbele.

Bado barafu

Barafu imebadilika rangi. Ilikuwa nyeupe na ngumu, sasa ni ya kijivu na pembeni imeshaachia mkanda wa maji. Hapa sikanyagi tena. Wengi wanapima unene peke yake, kumbe jua la mwisho wa baridi linaipasua barafu kwa ndani inakuwa vijiti vijiti vilivyosimama wima na vinavyoshikana kwa shida, yaani inaweza kuwa nene kabisa na bado ikakuachia. Basi kazi ni nyumbani, na kazi ipo ya kutosha.

Nimeanza na rili, yaani kile kikunjio cha uzi kwenye fimbo. Nimefungua kifuniko cha pembeni, nimefuta grisi ya zamani yote kwa kitambaa na mswaki mkuukuu, ilishakuwa ya kahawia na ina chembechembe za mchanga, nikapaka mpya kwenye meno ya gia na tone la oili nyepesi kwenye beringi na kwenye kile kirola uzi unapopita. Kirola kile ni kidogo sana ila ndicho kinachobeba uzi kila unapovuta, kikikwama uzi unajisugua palepale mpaka unatoka manyoya. Na grisi iwe kidogo, maana kwenye baridi inakuwa nzito na rili inaanza kuzunguka kama imechoka. Breki niliilegeza kabisa mwisho wa msimu uliopita, zile washa za ndani, visahani vyembamba, zikikaa zimekazwa miezi yote zinabanana na kushikana, afu siku samaki mzito anapovuta breki inaachia kwa kushtuka shtuka na uzi unakatika. Sasa nimeikaza upya na inateleza vizuri, laini kabisa, unasikia ule mlio wa kuendelea bila kukatika katika.

Fimbo nimeipitisha kipande cha pamba ndani ya kila pete. Ukiangalia kwa macho pete zote ni nzima, zinang'aa, huoni kitu. Ila ile ya pili toka nchani pamba ilinasa, ikaacha nyuzi mbili tatu zinaning'inia, nikaweka tochi nikaona ufa mwembamba kama unywele kwenye ile kauri ya ndani. Ufa wa hivo unakata uzi polepole kila unaporusha na wewe utalaumu fundo. Nimeitoa kwa kupasha gundi moto kidogo nikaweka nyingine, nikafunga kwa uzi mwembamba na kupaka gundi mpya ya epoksi, nimeacha ikauke usiku mzima huku fimbo ikizungushwa mara kwa mara ili gundi isitiririke upande mmoja.

Uzi nimebadilisha wote. Nailoni ni ile iliyotoka maabara ya kampuni ya DuPont mwaka 1935 mikononi mwa Wallace Carothers na timu yake, ni kitu kizuri, inavutika, inasamehe, ila ikikaa kwenye spuli baridi nzima inashika umbo la spuli, ukirusha inatoka kama springi. Jua nalo linaidhoofisha. Ya kusuka haina hilo tatizo, kwa hiyo rili kubwa nimeacha ya kusuka nikaigeuza tu, ile sehemu iliyokuwa chini haijaguswa ikaja juu. Mbele naunga kipande cha florokaboni kama mita moja na nusu. Sababu ni maji yenyewe: mapema hivi yanakuwa meupe sana, mwani bado haujaamka, samaki anaona mbali. Maji yanapinda mwanga kwa kipimo cha 1.33, florokaboni ni 1.42 hivi, nailoni inapita 1.5, yaani florokaboni iko karibu zaidi na maji, kwa hiyo inapotea zaidi machoni. Sio kwamba haionekani kabisa, hapana, ila inapotea zaidi.

Chubwi za madini ya risasi nimezitoa kwenye boksi zote, hata zile ndogo ndogo. Uingereza walizuia kuuza chubwi za risasi za kuanzia gramu 0.06 mpaka 28.35 toka 1987, kisa bata maji wale weupe wenye shingo ndefu walikuwa wanazimeza chini ya maji wakidhani ni changarawe za kusagia chakula tumboni, wanakufa kwa sumu. Mimi ndege hao nawaona kila msimu wanarudi barafu ikifunguka, wanashuka palepale tunaporushia. Sitaki kabisa. Sasa natumia za bati kwa ndogo na za tangsteni kwa jigi, zile ndoano zenye kichwa kizito, tangsteni ni nzito kuliko risasi kwa ujazo uleule, kwa hiyo kitu kidogo kinazama haraka na unausikia mwamba vizuri zaidi mkononi.

Bado barafu, lakini vipande vipande: mashine

Hapa ndo nilitumia muda mrefu kuliko kote.

Mashine ya boti ina kizibo cha skrubu chini ya giaboksi na kingine juu. Unaweka beseni, unafungua cha chini, oili inaanza kutoka taratibu kama asali, unafungua cha juu hewa iingie inamiminika. Oili nzima inatoka ya rangi yake, imechakaa kidogo sawa, labda na vumbi la chuma kwenye ile sumaku ya skrubu. Yangu ilitoka nyeupe. Nyeupe ya maziwa kabisa. Ukiona hivo maji yameingia, na maji ndani ya giaboksi yakikutana na baridi kali yanaganda yanatanuka na yanaweza kupasua chuma. Nikamulika kila kona ya ile chuma kwa tochi, hamna ufa, nikashukuru Mungu.

Sasa yaliingilia wapi? Nikafungua propela. Unanyoosha ile pini, unafungua nati, unavuta propela inatoka na washa yake nene ya nyuma. Na pale nyuma, shafti ilikuwa imezungushiwa uzi wa kuvulia, umejifunga kwa kubana mpaka umekuwa pete ngumu, juu umeungua kidogo ukawa unang'aa, ukiukwaruza kwa kisu unatoka kama vipande vya plastiki. Uzi ulioachwa majini ndio huo, unaelea, propela inauvuta, unajizungusha nyuma, na kila mzunguko unasukuma mdomo wa ile oili sili ya raba mpaka unakatika. Sili ikishakatika oili inatoka na maji yanaingia. Nimeukata kipande kipande, nikatoa sili ya zamani, mdomo wake ulikuwa umeliwa upande mmoja unaona kabisa, nikagonga mpya kwa uangalifu kwa soketi ya kipimo sawa ili iingie bila kupinda, nikapaka grisi shafti, nikarudisha.

Kujaza oili unajaza kutokea chini, sio juu. Unabana pampu kwenye tundu la chini unasukuma mpaka oili itokee tundu la juu, hivo hewa yote inafukuzwa. Unaziba cha juu kwanza, ndo unatoa pampu na kuziba cha chini haraka. Kwa mtu ambaye hajawahi kuangalia nyuma ya propela yake, naomba kabla ya boti kuingia majini afungue aangalie, ni spana moja na koleo, hata nusu saa haiishi.

Mengine ya mashine yamepita haraka. Impela, kile kigurudumu kinachosukuma maji ya kupoza mashine, nimeweka mpya, mabawa yake ya raba yalishapinda upande mmoja hayarudi. Plagi mpya. Petroli ya zamani imetoka yote, yenye ethanoli inanyonya unyevu wa hewa na ikikaa sana maji yanajitenga chini ya tangi. Betri imesoma volti 12.4, yaani kama robo tatu, nikachaji ikafika 12.7. Beringi za trela grisi. Kizibo cha chini cha boti kipo, cha akiba kimefungwa kwa kamba palepale usukani.

Nyuzi 3 na nusu

Barafu imeondoka. Upepo ulipiga mchana kutwa na usiku, asubuhi ziwa zima liko wazi, limebaki genge la barafu tu limerundikana ufukweni upande mmoja likigongana gongana.

Sijavua. Nimepima tu. Na hapa ndo napopapenda kuliko pote mwaka mzima kwa hiyo nivumilieni.

Maji matamu ni mazito zaidi yakiwa nyuzi 4 hivi. Yakipoa chini ya hapo yanaanza kuwa mepesi tena, na barafu yenyewe ni nyepesi kuliko maji, ndo maana inaelea na ndo maana ziwa halijajaa barafu toka chini kuja juu, samaki wangekwisha wote. Kwa hiyo baridi nzima juu palikuwa karibu na sifuri na chini kabisa palikuwa karibu na 4, yaani kulikuwa na joto zaidi chini. Sasa jua linapasha juu, juu panafika 4, ziwa zima linakuwa na uzito mmoja toka juu mpaka chini, hapo upepo ukipiga hauna kizuizi, unalichanganya lote. Oksijeni inashuka mpaka kwenye tope, virutubisho vilivyolala chini vinapanda. Ziwa linapumua. Maji baridi nayo yanabeba oksijeni nyingi, kama miligramu 13 kwa lita yakiwa nyuzi 4, wakati ya nyuzi 20 yanabeba kama 9 tu.

Kwa mvuvi maana yake nini? Maana yake siku hizi samaki anaweza kuwa popote, juu kati chini, hamna kinachomlazimisha. Ile mistari ya kiangazi, ya kwamba chini ya kina fulani hamna hewa kwa hiyo samaki wako juu yake, haipo. Ndo maana watu wanarusha pale pale walipopata mwaka jana mwezi wa nane na hawapati kitu, afu wanasema ziwa limekufa. Halijakufa, limechanganyika.

Nimeteremsha na kisahani cha Secchi pia, nilikikata kwenye plastiki wakati wa baridi, upana sentimita 20, robo nyeusi robo nyeupe robo nyeusi robo nyeupe, kina chubwi chini na kamba yenye alama juu. Unashusha mpaka kipotee machoni, unasoma kamba. Angelo Secchi, padri na mwanaastronomia wa Italia, ndiye aliyepima bahari hivi mwaka 1865, na mpaka leo hamna chombo rahisi kinachokishinda. Leo kimepotelea mita 5 na zaidi. Maji meupe sana, basi chambo kiwe cha rangi ya asili, fedha, kijani kilichofifia, hamna haja ya rangi za kupiga kelele.

Jambo la jaketi la kuokolea. Kwenye maji haya silivui, hata kwenye gati silivui. Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba kule Kanada amewafundisha watu kanuni ya 1-10-1: ukianguka kwenye maji ya baridi kali una dakika 1 ya kuitawala pumzi, maana mwili unashtuka unavuta hewa kwa nguvu na ukivutia maji ndo basi, afu una kama dakika 10 ambazo mikono na miguu bado inakutii, afu kama saa 1 kabla hujapoteza fahamu kwa baridi. Soma hiyo dakika 10 vizuri. Watu wanaogopa baridi itawaua kwa kuganda, wakati wengi wanazama mapema sana kwa sababu mikono imegoma na hawajavaa kitu cha kuwaelesha. Tumekubaliana na mwenzangu wa boti: asiyevaa hapandi, na ngazi ya kamba inaning'inia nyuma muda wote.

Nyuzi 5

Boti majini. Mashine imewaka, maji ya kupoza yanatoka kwa nguvu kwenye kile kitundu. Tumezunguka taratibu kwa muda, tumerudi, nimefungua tone la oili ya giaboksi kuangalia: safi.

Tumevua trauti, samaki wa maji baridi, kando ya miamba inakoingia mto mdogo. Trauti ndiye wa kwanza kuamka kwa kweli, au niseme hakulala, baridi yeye ndo kwake. Ila hata yeye mwili wake unafuata joto la maji, chakula kinasagika polepole tumboni, kwa hiyo hakimbizi kitu mbali. Unarusha kijiko, yaani chambo cha chuma chenye umbo la kijiko, unaacha kizame, unavuta mizunguko miwili ya rili, unaacha. Unaacha tena. Ni ngumu kuliko inavyosikika, mkono unataka kwenda. Mwenzangu aliniona naanza kuongeza kasi akasema, "Tulia kaka, acha ikae chini kwanza, ataichukua ikiwa imekaa." Nikakaa. Muda mrefu hamna kitu. Afu uzi ukalala upande kidogo, sio kuvutwa, ni kulala tu kama jani limeugusa, nikainua fimbo nikakuta kuna mtu.

Trauti mzuri, madoa meusi na mekundu, ubavu kama shaba. Tumemtolea ndani ya neti ya mpira, ndoano haina kile kijino cha kuzuia isichomoke, ilitoka kwa kidole. Hewa ilikuwa chini ya sifuri kwa hiyo hatukumtoa nje ya maji kabisa, matamvua ya samaki kwenye hewa ya kuganda yanaumia haraka sana, picha sio muhimu kiasi hicho. Akageuka akaenda.

Pete za fimbo zilikuwa zinaziba barafu. Nazichovya majini na kutikisa, sikwangui kwa kucha, kauri ni hiyo hiyo niliyoibadilisha juzi.

Nyuzi 6 katikati ya ziwa, 9 ghubani

Hapa kipimajoto kimenilipa.

Tulipima kila sehemu mchana ule. Katikati 6. Ufuko wa kusini wenye kivuli cha miti, 5 na nusu. Ghuba ndogo ya upande wa kaskazini, kina chini ya mita moja na nusu, chini tope jeusi na mabua makavu ya matete ya mwaka jana, 9. Tofauti ya nyuzi tatu na nusu ndani ya ziwa moja mchana mmoja. Kwa walio kaskazini mwa ikweta, mwambao wa kaskazini ndio unaoangaliana na jua la kusini na unakingwa na upepo baridi wa kaskazini, tope jeusi linanyonya joto, maji machache yanapashika haraka. Walio kusini mwa ikweta wageuze. Na mchana ni bora kuliko alfajiri, hii inawasumbua watu waliozoea kuamka usiku wa manane, lakini mapema msimu jua linahitaji masaa kufanya kazi yake, mimi saa nane mchana ndo nakuwa na matumaini.

Pechi walikuwepo, wale wenye michirizi meusi ubavuni na mapezi ya chini mekundu. Wengi. Jigi ndogo ya gramu 3 na nyungunyungu kipande, unaidondosha pembeni ya matete, unaiinua sentimita kumi, unaishusha. Waliobaki kwa ajili ya jikoni nilipowapasua niliangalia matumbo yao, huwa naangalia siku zote, na yalikuwa yamejaa funza wadogo wekundu wembamba kama uzi. Hao ni watoto wa vijidudu vinavyofanana na mbu ila haviumi, vinavyotoka ziwani kwa makundi jioni. Wekundu wao ni hemoglobini, kitu kilekile cha kwenye damu yetu, ndicho kinachowawezesha kuishi ndani ya tope lisilo na hewa ya kutosha. Tope linapopata joto wanaanza kupanda, pechi wanasubiri juu yake. Kwa hiyo kesho yake nikabadilisha, nikaweka ndoano ndogo na uzi mwekundu nimeufunga juu yake, bila nyungunyungu, chelezo chembamba juu, na waliichukua vilevile. Nimefurahi kuliko kama ningepata samaki mkubwa.

Kule ndani zaidi kwenye majani yaliyozama, maji ya magoti, kulikuwa na paiki, samaki mwindaji mwenye meno makali. Unaona mgongo, unaona mapezi yanatikisika polepole, mmoja mkubwa na wawili wadogo pembeni yake. Huyo mkubwa ni jike na hao ni madume, wanataga. Paiki ndiye wa kwanza kutaga katika hawa, barafu ikiondoka tu wanaingia kwenye majani yaliyofurika na mayai yananata kwenye majani. Sehemu nyingi msimu wake unakuwa umefungwa wakati huu na kila ziwa lina sheria yake, angalia yako kabla hujatoka. Lakini hata pasipofungwa mimi simrushii samaki aliyeko kwenye majani anataga. Yule jike ana umri na ana mayai maelfu kwa maelfu, na anakaa pale hana akili na kitu kingine, kumtoa sio uvuvi. Tulizima mashine tukasukuma boti kwa kasia tukatoka.

Nyuzi 8, zimerudi chini toka 10

Upepo baridi umepiga kutoka kaskazini, ghuba imepoa, pechi wamehama. Hamna cha kusema sana. Tumewapata mita 4 mpaka 5, ukingoni palepale ghuba inapoanza kuzama, wamejikusanya na wamenyamaza. Maji ya juu yakipoa ghafla wao wanashuka hatua moja, hawarudi mpaka kule walikotoka. Jigi chini kabisa, bila kutikisa. Wachache.

Nyuzi 11

Kwenye matawi ya mti ulioanguka majini kuna utepe wa mayai ya pechi. Ulikuwa umening'inizwa tawi kwa tawi, mweupe mweupe, umekunjamana, na ukiukaribia unaona ni bomba lenye matundu kama wavu, kila jicho la wavu lina mayai madogo yanayong'aa na ndani yake kidoti. Huu nilioupima kwa kasia ulipita mita moja. Jike mmoja anautoa wote kwa mara moja, anauzungusha kwenye matawi ili usizame kwenye tope ukakosa hewa. Tuliona na mingine pembeni. Kwa hiyo mti ule umetoka kwenye orodha yetu ya sehemu za kurushia mpaka watoto watoke, ndoano ikinasa utepe ule inaung'oa wote, na hata nanga tunaishusha mbali.

Kisahani cha Secchi leo kimepotelea mita 3 na kidogo. Virutubisho vilivyopanda vimekutana na jua, mwani umeanza. Nimebadilisha kijiko cha fedha nikaweka cha shaba chenye mstari wa chungwa, na trauti tumewakuta wametoka ufukweni wanafuata samaki wadogo kwenye maji ya mita 6 mpaka 8, tunavuta nyuma ya boti kwa mwendo wa kutembea. Sasa wanagonga kweli, sio ile ya jani. Breki imelia vizuri mara ya kwanza nayo, ule mlio wa kuendelea.

Tukitoka majini boti inasafishwa palepale. Vizibo wazi, maji yote ya ndani yamwagike, majani yatolewe kwenye trela na kwenye nanga, kila kitu kikauke kabla ya kwenda ziwa jingine. Sababu ni kome pundamilia, kombe mdogo mwenye milia. Mwaka 1988 alionekana Ziwa St. Clair, kati ya Marekani na Kanada, kutoka huko amesambaa kwa mito na kwa boti za watu, na watoto wake ni wadogo mno huwaoni kwa macho, wanasafiri kwenye maji kidogo yaliyobaki ndani ya boti au kwenye ndoo ya chambo. Akishaingia hatoki. Anachuja maji yanakuwa meupe, watu wanafurahia, kumbe amekula kile chakula ambacho samaki wachanga walikuwa wanakisubiri.

Nyuzi 13

Oili ya giaboksi nimeiangalia tena baada ya boti kufanya kazi ya kutosha, rangi yake haijabadilika, sili imeshika. Pete mpya ya fimbo haijalegea. Florokaboni ya mbele naikata na kuifunga upya kila jioni, fundo la Palomar, nalowesha kwa mate kabla ya kukaza ili lisijichome.

Kuhusu kipimajoto, bado nasema vilevile. Siku tuliyokifuata tulivua, siku upepo ulipogeuza kila kitu kilituambia tushuke ukingoni. Sona ilituonyesha samaki sehemu nyingi tu ambazo hawakutaka kula.

Kilichobaki ni hiki. Juu panaendelea kupata joto na chini pamebaki 6, nimeteremsha kipimajoto kwa kamba mita kwa mita na ule mstari wa katikati, mpaka kati ya maji ya joto ya juu na ya baridi ya chini, umeanza kuonekana kama mita 7, bado dhaifu, upepo mmoja mkali unaufuta. Ukishika, trauti watakaa chini yake na mimi itabidi niweke chubwi nzito na uzi mrefu zaidi. Msimu wa paiki huku unafunguliwa wiki ijayo, majike wameshatoka kwenye majani na wanarudi ukingoni na njaa. Nimetengeneza vipande vya waya wa mbele kwa ajili ya meno yao, vimekaa kwenye boksi, na ghuba ile ya kaskazini tutaianza kwa nje, mita 3, mchana.